Usiku namtunza, asubuhi namwibia

Kabla simu za intaneti hazijaenea, nilikuwa na kibanda Mbagala: kompyuta moja, feni, na kisoma kadi kilichofungwa kwa mpira. Mteja anakuja na memori kadi, anasema "nijazie," namwekea nyimbo mia, ananipa buku. Injili ndiyo ilikuwa inatoka kuliko zote. Sijui walokole walidhani nazitoa wapi.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na COSOTA, wanaosimamia hakimiliki nchini, nilikuwa nawasikia redioni. Stempu za kodi za TRA, mamlaka ya mapato, zilipoanza kubandikwa kwenye CD, mwaka 2013, nilicheka. Kadi ndogo kama ukucha, stempu utaibandika wapi?

Sasa kituko chenyewe. Idi moja nilikwenda taarabu, kiingilio nimelipa mlangoni kama kila mtu. Mwimbaji alipofika kwenye ubeti wa jirani mwenye kijicho, nikanyanyuka. Nikasogea kwa madaha mpaka jukwaani, nikamtunza, nikampachika msimbazi, noti ya elfu kumi, mkononi, vigelegele nyuma yangu. Hakuna aliyenilazimisha. Kesho yake asubuhi nikafungua kibanda, na wimbo uleule nikauuza pamoja na nyingine tisini na tisa.

Nisijipambe, sikutoa kwa ukarimu. Jirani yangu tuliyekuwa hatusalimiani alikaa meza ya tatu, na mwimbaji alikuwa amenisemea nisiloweza kusema. Nilitunza nionekane. Kwenye simu nani anakuona? Radiohead, bendi ya Uingereza, mwaka 2007 waliweka albamu yao mtandaoni, ulipe upendavyo, hata sifuri. Wapo waliolipa, wapo waliobeba bure. Mimi ningebeba, najijua.

Lakini kufuli nalo, la kufungia wimbo mpaka ulipe, halinishawishi. Kuna programu za muziki zinataka kadi ya benki, na malipo ya kila mwezi, kwa mtu anayenunua hata umeme wa elfu mbili. Hapo sijakataa kulipa, nimekosa tu pa kupitishia hela.

Kibanda nilishafunga. Wiki iliyopita nilikuwa naangalia taarabu mubashara kwenye simu, lipa namba inapita chini ya picha, na MC anasoma majina ya waliotuma. Nikatuma elfu tano. Nikasubiri, chai inapoa. Jina langu likasomwa, tena limekosewa.

Nikatuma elfu mbili nyingine alirekebishe.