Siku moja na spinachi zangu tatu, Ujiji

Saa 12 na robo alfajiri. Nimeshaswali, nachukua tochi ya simu natoka uani kabla hata sijawasha jiko. Mwezi wa nane huu, Kigoma hamna mvua, na maji ya bomba yakija yanakuja saa wanayotaka wao kwahiyo nina madumu sita nimejaza juzi. Namwagilia kwa kopo chini kwenye shina, sio juu ya majani, maana mwaka jana nlikua namwaga jioni kama mvua majani yakalala na maji usiku kucha yakajaa madoa ya duara yenye ukingo mwekundu, wateja wakakataa kununua.

Saa 1 kumepambazuka, sasa naona vizuri. Nina matuta matatu na kila moja nilipanda nikijua ni spinachi, ila kwakweli ni mimea mitatu tofauti kabisa. La kwanza ndio hii spinachi yetu ya sokoni, majani mapana na mabua meupe manene, yenyewe ni ndugu wa bitiruti. Ukitaka kuamini angalia mbegu zake, yani moja ni kifundo chenye mbegu kadhaa ndani, unapanda moja inatoka miche mitatu minne imebanana, usipoing'oa ukabakiza mmoja kila baada ya rula moja utavuna majani ya kuku.

Tuta la pili ndio aibu yangu. Nilinunua pakiti yenye picha nzuri, spinachi yenyewe ya Wazungu, muuzaji akaniapia inakubali popote. Nusu haikuota, ardhi ikiwa ya moto mbegu ile inagoma, na iliyoota imefika ukubwa wa kijiko cha chai ikapandisha shingo ikatoa maua. Inataka baridi ile. Leo naing'oa yote sina huruma.

La tatu sikununua hata kwa senti, nderema ya mama mkwe, inatambaa kwenye uzio wa miti, shina jekundu, jani nene linateleza ukilishika. Jua hili la kiangazi yenyewe ndio kwanza inapendeza. Nimechuma na vitunda vyake vyeusi vimeiva, nikaviminya nipate mbegu, vidole vikawa zambarau. Kumbuka hivyo vidole.

Saa 2 jirani anagonga, "shoga nipe mafungu mawili ya mia tano". Naenda tuta la kwanza, navunja majani ya nje tu, kile kichomozo cha katikati sigusi, kwahiyo shina moja nalichuma miezi na miezi. Anauliza mchicha, lengalenga wanavyoita wazee wa hapa, namwambia wiki ijayo.

Saa 3 nakaa kwenye cherehani, hii ndio kazi inayolipa ada. Sare za shule, mashati matano meupe. Saa 4 kasoro nageuza kola naona alama tano za zambarau zimekaa hapo kama mtu kapigwa muhuri. Nikajua. Mikono nlinawa kwa maji matupu, sabuni sikutumia, na kucha sikuzigusa.

Nikakimbia kwenye beseni, maji ya baridi, sabuni, limao, sugua sugua. Ikafifia ikawa waridi. Waridi kwenye shati la shule!

Saa 7 na nusu chakula, ugali wa muhogo na dagaa wa mawese, pembeni spinachi. Mabua nakata kwanza naweka sufuriani yatangulie dakika tatu nne, majani yanafuata, ukivitia pamoja jani linavurugika bua bado linalia mdomoni. Nderema kidogo nimechanganya, watoto hawaipendi wanasema mlenda. Mama mkwe kala sahani yake na ya kwao, halafu ananiambia "si nilikwambia ile ya pakiti ni ya kupiga picha mwanangu". Nikanyamaza.

Mchana mpaka saa 10 nashona tu, hamna cha kusimulia, umeme ulikatika mara mbili ila mimi natumia miguu.

Saa 11 jioni nimelima lile tuta la aibu, nikachanganya samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, nikakata vipande vya nderema vyenye vifundo viwili vitatu nikachomeka. Nyingine nimeloweka mbegu kwenye kikombe, gamba lake gumu, zilale majini usiku mmoja. Kikombe nimeweka juu ya kabati nikabandika karatasi USINYWE, maana baba watoto akirudi usiku ananywa chochote anachokuta.

Saa 3 usiku, kola ya waridi nimeifumua. Kitambaa cheupe kimebaki kipande kidogo, nimekipima mara tatu, kinatosha kola moja bila kukosea. Nimeenda kunawa tena kwanza.