Njegere zangu zilikuwa zinaozea ardhini
Miaka miwili mfululizo, kila Machi, nilipanda njegere kwenye kishamba ninachokodi hapa Manchester, na hazikuota. Nilipofukua nilikuta mbegu laini kama uji, zinanuka. Udongo ni wa mfinyanzi, mvua haikatiki, na ardhi bado ina baridi.

Safari hii nilisia mbegu nyumbani, dirishani, ndani ya vibomba vya karatasi ya chooni nilivyojaza mboji. Shambani nikainua matuta ya sentimita 20 na kukanyaga juu ya ubao tu, maana udongo ule ukiukanyaga umelowa hugandamana kama tofali. Miche ilipofika urefu wa kidole nikaihamisha pamoja na vibomba vyake. Konokono wasio na gamba nawaokota usiku kwa tochi. Leo njegere zimeshika vijiti na kutoa maua meupe. Nimefurahi mno!