Saa moja kwa saa moja: Alhamisi yangu na paka mwenye kisukari

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Meneja ndiye huniamsha, simu hufuata baadaye. Zamani alikuwa akinirukia kifuani, na kilo 6.8 zikikutua kifuani utaamka utake usitake. Siku hizi ana kilo 5.1. Anasimama kando ya kitanda, anapima kimo kwa macho, anaghairi, kisha anaanza kulia kama mlevi aliyefungiwa nje.

Jina alipewa na wateja. Mimi ni fundi wa cherehani pale Kenyatta Market, Nairobi, na alipokuwa mdogo nilikuwa nikimbeba kwenye kikapu hadi kibandani. Alikuwa akikaa juu ya meza ya kukatia, mguu mmoja juu ya kitambaa cha mtu, akikagua kila anayeingia. Mteja mmoja akaniuliza, "Fundi, huyu ndiye meneja?" Likashika. Sasa ni mzee wa miaka 12, rangi ya machungwa, na hii ni wiki ya tatu tangu tuambiwe ana ugonjwa wa kisukari.

Kabla sijamtazama yeye natazama karai lake la mchanga, kwa sababu kabla ya daktari waliogundua ni sisimizi. Nilikuwa nimeona anakojoa mno, nikasema ni uzee. Asubuhi moja nikakuta mstari wa sisimizi umeingia dirishani, umepita mezani bila hata kusalimia mkebe wangu wa sukari, ukaishia karaini. Nikasimama pale na ufagio mkononi. Marehemu mama yangu alikuwa na kisukari. Hiyo habari sikuhitaji kutafsiriwa.

Halafu maji. Kwetu mtaa wa Ngumo maji ya mfereji huja kwa mgao, na anayeishi kwa mitungi hujua kila kikombe kimeenda wapi. Bakuli lake lilikuwa likijazwa mara nne kwa siku. Sukari ikizidi kwenye damu, figo hushindwa kuirudisha yote, inayobaki hutoka na mkojo na kuburuta maji nayo. Ndiyo maana anakunywa, ndiyo maana anakojoa, na ndiyo maana anakula kama amekodishwa huku mbavu zinatokeza.

Leo sisimizi hakuna.

Saa moja kasorobo

Chakula kwanza, sindano baadaye. Nasimama naye jikoni hadi nione amekula kweli, kwa sababu insulini kwa paka ambaye hajala inaweza kuishusha sukari yake mpaka aanguke.

Hapa niungame. Miaka yote hiyo nilimlisha ugali. Ugali na maziwa, ugali na mchuzi wa omena, na nikiwa na pesa, biskuti kavu za paka. Nani Nairobi hajalisha paka ugali? Daktari hakunigombeza. Alikunja vidole kimoja kimoja: dume, amehasiwa, mnene, mzee, anashinda ndani. Vidole vitano, na Meneja alipita mtihani wote. Kisha akanieleza kwamba paka ni mla nyama hasa, mwili wake haukuumbiwa wanga mwingi, na sasa anahitaji chakula cha majimaji chenye protini nyingi.

Mkebe mmoja wa chakula hicho ni sawa na pindo za suruali mbili. Siku hizi nahesabu kila kitu hivyo. Juu yake naongeza mioyo ya kuku kidogo kwa ruhusa ya daktari, maana nyama tupu haimtoshelezi paka. Jambo moja alilirudia mara tatu: nisibadilishe chakula kimyakimya. Wanga ukipungua, sukari inashuka yenyewe, na kipimo kilekile cha insulini kinaweza kumzidi nguvu.

Saa moja kamili asubuhi

Daktari alisema kila baada ya saa 12. Nilipofika nyumbani nikagundua saa yetu ya Kiswahili imeshanifanyia hesabu: ukidunga saa moja, utadunga tena saa moja. Jua la Nairobi nalo halina vituko, linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu na kuzama karibu wakati huohuo, mwaka mzima. Likiwa limepanda kidogo, nadunga. Likiwa limetoka kuzama, nadunga.

Miaka 25 nimeshika sindano, nimeshonea mabibi harusi shela huku wakilia na kutingishika, lakini siku ya kwanza mkono wangu ulitetemeka kama wa mwizi. Sindano yenyewe ni nyembamba kuliko yoyote niliyo nayo kwenye kijitambaa changu cha sindano. Unainua ngozi ya ubavuni kwa vidole viwili kama unavyobana kitambaa ili utie rinda, unaingiza chini ya lile hema, unasukuma, basi. Leo kushoto, jioni kulia. Yeye hata haachi kulamba bakuli. Aliyekuwa akiumia ni mimi.

Shida ya kweli ilikuwa sirinji. Tepu ya fundi ina nyuso mbili, inchi huku, sentimita kule. Mwanafunzi wangu wa kwanza aliwahi kupima mkono wa koti wa 24 kwa upande wa sentimita. Tukapata mkono wa mtoto wa chekechea. Sirinji za insulini nazo ziko hivyohivyo, kuna za U-100 na za U-40. Insulini ya Meneja ni ile ya watu iitwayo glajini, yuniti 100 katika kila mililita, na inataka sirinji yake. Wiki ya kwanza kemisti mmoja aliniuzia zenye kifuniko chekundu, za U-40, yaani za insulini ya yuniti 40 kwa mililita, akaniambia "zote ni za sukari tu, mama." Nyumbani nikazitazama chini ya taa ya cherehani. Mistari haikufanana na ile niliyoonyeshwa. Kumbe ningevuta mstari mmoja wa pale, Meneja angepata mara mbili na nusu ya dozi yake. Inchi moja ni sentimita mbili na nusu na ushee. Hesabu ileile, ila koti huweza kufumuliwa.

Saa mbili na nusu

Natembea hadi sokoni. Moshi wa nyama choma bado haujaanza, wasusi ndio kwanza wanapanga viti. Oda kubwa leo ni nguo za harusi ya Jumamosi: vitenge vya akina mama sita, na mmoja wao ananenepa kila akija kupima.

Saa nne

Jirani yangu wa kibanda cha pili, anayeuza vifungo na zipu, ananiletea chai na dozi yake ya kila siku ya mawaidha. "Mama, watu wanakosa dawa, wewe unampa paka insulini."

Siku za mwanzo neno hilo lilikuwa likinichoma, na bado haliko mbali na ukweli. Nimeona mama yangu akiruka dozi ili dawa ifike mwisho wa mwezi. Lakini binti yangu, anayesoma chuo, alinipa jibu na leo nimelitumia. Insulini iligunduliwa Toronto, Canada, mwaka 1921, na watafiti Banting na Best, kwa majaribio juu ya mbwa. Mtu wa kwanza kutibiwa, kijana wa miaka 14, alidungwa Januari 1922 kwa dawa iliyotolewa kwenye kongosho la ng'ombe. Kwa miongo mingi baadaye wanadamu waliishi kwa makongosho ya ng'ombe na nguruwe.

"Kwa hiyo?" akasema.

"Kwa hiyo deni ni letu."

Akacheka, akanipunguzia bei ya zipu sita. Sijui kama alikubali au alichoka.

Saa saba mchana

Hii ndiyo saa ninayoiogopa. Nimemwachia mwanafunzi kibanda, niko mbio kurudi Ngumo. Sukari hufika chini kabisa takriban katikati ya dozi mbili, na saa saba ni saa sita tangu nimdunge. Nikifungua mlango, kabla sijavua viatu, namsikiliza. Daktari alinipa dalili za sukari kushuka mno: kuyumba, kulegea, njaa ya ghafla, hata degedege. Juu ya friji kuna chupa ya asali ambayo hakuna anayeruhusiwa kuitia kwenye chai. Ni ya kumpaka kwenye ufizi, halafu simu kwa daktari, halafu boda boda.

Yuko kwenye kiti, macho nusu. Anashuka na kunijia, na natazama miguu ya nyuma. Mwezi uliopita alikuwa akitembea kwa visigino, kama mzee aliyevaa ndara zisizo zake. Kisukari kilikuwa kimegusa neva zake. Leo amenyanyuka kidogo. Kidogo tu, lakini jicho la fundi huona robo inchi.

Napasha sikio lake joto kwa kitambaa, nachoma ukingoni, pale kwenye pindo, tone dogo linatoka. Mashine ni ya marehemu mama. Vipande vya kupimia ni vipya, mashine ni yake, na bado ina alama ya rangi yake ya kucha kwenye kitufe. Mashine ya watu husoma damu ya paka chini kidogo kuliko ilivyo, kwa hiyo tunatumia hiyohiyo kila siku na kufuata inakoelekea.

9.6.

Nakaa sakafuni. Siku ya kwanza kliniki ilisoma milimoli 24 kwa lita, ingawa daktari hakuiamini peke yake, maana paka akiogopa sukari yake hupanda. Akaagiza kipimo cha fruktosamini, kinachoonyesha sukari ilivyokuwa kwa wiki kadhaa zilizopita, hofu ya siku moja haikigusi. Nacho kikasema vilevile. Aliniambia pia kwamba baadhi ya paka, wakiwahiwa mapema na chakula kikabadilishwa, hufikia kuachishwa insulini kabisa. Hilo silitaji mbele ya Meneja, asije akalegeza.

Alasiri

Vitenge, vitenge, vitenge. Yule mama amenenepa tena.

Saa kumi na mbili na robo jioni

Mteja anafika nikiwa nafunga. Anataka gauni lake lipunguzwe kiunoni, sasa hivi, tena yuko tayari kulipa zaidi. Zamani ningewasha taa na kuketi. Namwambia nina mgonjwa nyumbani. "Pole sana fundi, ni mzee?" Nikajibu ndiyo, ni mzee. Sikudanganya.

Saa moja jioni

Meneja hali.

Namwekea bakuli, ananusa, anageuka. Moyo wangu unaanza mbio. Nampima: 15.2. Nampigia daktari, na ninapozungumza nayaona makombo kando ya mlango wa chuma. Kijana mdogo wa mlango wa pili, wa darasa la pili, anatazama kupitia vyuma.

"Umempa nini Meneja?"

"Mandazi, shosho. Alikuwa ananililia."

Sijafika umri wa kuitwa shosho, yaani bibi, lakini hilo tutaliongea siku nyingine. Amekula mandazi zima. Kijana haya zimemjaa, midomo inatetemeka, ikabidi nimbembeleze yeye kwanza. Nikamwambia Meneja ana ugonjwa wa sukari kama babu yake. Akashtuka: "Pia yeye anadungwa tumboni?"

Daktari akasema nimpe nusu saa, nimrudishie chakula, akila sehemu ya kuridhisha nimdunge dozi yake, akikataa kabisa nimpigie tena. Nikamwongezea vijiko viwili vya maji niliyochemshia mioyo ya kuku. Akafikiri. Akala nusu, akapumzika, akala robo. Saa moja na dakika 25 nikamdunga, mtoto akishika tochi ya simu ingawa taa ilikuwa inawaka.

Na kama aliyetabiri, saa mbili na robo stima ikapotea.

Wiki ya kwanza ningelia. Chupa ya insulini nilikuwa nikiilinda kama yai, mbali na barafu kwa sababu ikiganda haifai tena, na friji ikizimika nilikuwa nikitafuta jirani mwenye jenereta. Sasa najua glajini iliyokwisha kufunguliwa hustahimili siku 28 nje ya friji mradi joto lisipite nyuzi 30, na usiku wa Nairobi unahitaji blanketi. Nimefunga mlango wa friji, nikawasha mshumaa, nikatia vifungo kwenye blauzi mbili kwa mkono.

Saa tano usiku

Sirinji mbili za leo ziko kwenye chupa ngumu ya mafuta ya kupikia, kifuniko kimekazwa. Ikijaa naipeleka kliniki. Wanaopekua taka mtaani wana mikono kama mimi.

Halafu daftari. Ni lile la vipimo vya wateja, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Meneja ana ukurasa wake katikati ya mama anayenenepa na bwana harusi. Naandika kwa mwanga wa mshumaa, naye amelala juu ya vitenge vya watu, mguu mmoja umebana tepu.

Saa moja asubuhi, amekula yote, yuniti 1, kushoto. Saa saba, 9.6. Saa moja na dakika 25 jioni, 15.2, yuniti 1, kulia. Mandazi.