Ule wimbo wa mluzi

Jamani wiki hii sina raha kabisa, saa nane usiku niko macho, sitaki hata kuongea na mtu, kinachonifariji ni wimbo mmoja wa Kijapani wa Kyu Sakamoto, Ue o Muite Arukō, wa 1961 huko. Kijapani sijui ila nilitafuta maana yake, ni mtu anatembea usiku peke yake anaangalia juu ili machozi yasidondoke, yani mimi kabisa. Alafu anapiga mluzi!! Hapo kwenye mluzi ndo nalia mpaka basi, moyo unakuwa mwepesi. 1963 ulishika namba moja Marekani na wengi kule hata maneno hawakuyaelewa. Mi nawaelewa sana. Jana nimeurudia mara sita ndo usingizi ukaja.