Trekta dogo la kukatia nyasi lililokuwa likilia "tk" bila kuwaka

Trekta hili la mtumba nilipewa bure hapa Raskazone, Tanga, kwa sababu kila ufunguo ulipozungushwa lilitoa mlio mmoja wa "tk" na stata, yaani mota inayozungusha injini ili iwake, haikuzunguka. Betri ilikuwa na volti 12.6, hata hivyo niliichaji tena, nikasafisha vichwa vyake, kisha nikabadilisha solenoidi, swichi inayopeleka umeme wa betri kwenye stata, bila mafanikio.

Kilichofichua tatizo ni kupima umeme unaopotea njiani wakati stata inatakiwa kuzunguka, si wakati mashine imetulia. Niliondoa waya wa plagi ya cheche ili injini isiwake, nikagusisha ncha moja ya mita ya volti kwenye chuma cha injini na nyingine kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, wala si kwenye kibano chake, kisha kijana wangu akazungusha ufunguo. Mita ilionyesha takriban volti 3, ilhali haipaswi kuzidi nusu volti.

Waya wa ethi, unaounganisha fremu na nguzo hasi ya betri na ambao kwa nje ulionekana mzima kabisa, ulikuwa umefungwa kwenye fremu juu ya rangi, na chini ya kichwa chake chumvi ya upepo wa bahari ilikuwa imesababisha kutu. Nilitenganisha betri, nikakwangua pande zote mbili kwa msasa hadi chuma kikang'aa, nikaweka washa (kipete cha chuma) yenye meno, nikakaza nati, na ndipo nikapaka grisi juu yake. Utaratibu huo ni muhimu, kwani grisi huzuia unyevu, haiboreshi mguso. Stata ilizunguka mara moja.