Kamba na Mlinzi Wake

Mwishoni mwa kaskazi, wakati bahari ya Malindi imetulia na tope jekundu la mto Sabaki limekwisha kutua, mjomba wangu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapeleka watalii matumbaweni kwa mashua ya kioo, alinichukua siku moja ambayo hakuwa na abiria. Ilikuwa bamvua na maji yalikuwa yamekupwa sana. Ndani ya hifadhi ya bahari, iliyoanzishwa mwaka 1968, alinionyesha mahali penye mchanga mtupu, akanipa miwani ya kuzamia na kunitaka nielee kifudifudi bila kutikisa miguu.

"Nitazame nini, mjomba?"

"Shimo lile, mwanangu. Subiri."

Mdomoni mwa shimo alikuwa ametua kisamaki asiyezidi urefu wa kidole, mwenye mistari ya hudhurungi na macho yaliyojitokeza juu ya kichwa. Punde akatoka kamba, akisukuma mchanga kwa magando yake kama tingatinga. Akaumwaga nje, akarudi ndani, akatoka tena. Kila alipotoka, sharubu yake moja ilikuwa imemgusa samaki, kwa kuwa kamba huyu karibu haoni. Yeye huchimba na kulitengeneza shimo mchana kutwa, maana mchanga hauachi kuporomoka. Samaki hana magando ya kazi hiyo, ila ana macho, na makao yake huyalipia kwa ulinzi. Baadaye nilisoma kwamba zaidi ya aina 100 za samaki wa jamii hiyo huishi hivyo na kamba katika bahari za Hindi na Pasifiki.

Changu alipopita karibu, kisamaki alitikisa mkia kidogo tu, mtikiso ambao nisingeuona kama nisingekuwa nimemkazia macho, na papo hapo kamba akautupa mzigo wake, akarudi kinyumenyume shimoni. Samaki mwenyewe hakuondoka. Mjomba aliponyoosha mkono ndipo naye alipochupa ndani, kichwa mbele. Tulingoja sana. Hatimaye kilichomoza kichwa, kisha mwili, na alipokwisha kutua ndipo sharubu ilipotokeza, ikimpapasa mkia.

Nilimuuliza mjomba kwa nini hakuwaonyesha watalii jambo zuri namna ile, ambalo kwangu lilishinda matumbawe yote. Alijibu kwamba kivuli cha mashua huwatia wote wawili shimoni kabla abiria hajainama kwenye kioo.