Siku Moja Maishani Mwangu: Zamu ya Mchana Katika Msimu wa Moto, Edmonton

Siku ninayoisimulia ni ya nusu ya pili ya Agosti 2023, wakati wakazi wa Yellowknife, kaskazini mwa Kanada, walikuwa wameamriwa kuuhama mji wao, na wengi wao walikuwa wamefika kwetu Edmonton baada ya kusafiri zaidi ya kilomita 1,400 kwa barabara. Mimi ni mhudumu katika makao ya wazee mjini hapa. Sijawahi kuukimbia moto wa msituni wala kuuona kwa macho yangu katika nchi hii. Nilichoishi nacho tangu Mei mwaka ule ni moshi wake, na uzito wa jambo hilo hauonekani katika taarifa za hekta zilizoungua.

Saa 11 alfajiri

Kabla ya kubandika chai nilifungua simu kusoma kipimo cha ubora wa hewa. Kipimo hicho huanzia 1 hadi 10, na hewa ikichafuka kupita hapo huandikwa 10 na alama ya kujumlisha, maana yake hatari ni kubwa mno. Alfajiri ile kilisoma 8. Mwanangu ana pumu, kwa hiyo tarakimu hiyo ndiyo iliyoamua kwamba hatacheza nje, kwamba dirisha lake litabaki limefungwa, na kwamba mlezi wake atakabidhiwa dawa ya kuvuta pamoja na maelezo yaleyale niliyokwisha kumpa tangu majira ya kuchipua.

Nimezaliwa Mufindi, karibu na mashamba ya misonobari ya Sao Hill, na kwetu moto tunaufahamu vizuri. Huja kiangazi kinapokomaa, wakati watu wanaandaa mashamba, na mvua zikishuka mwishoni mwa mwaka, habari yake huisha. Hapa Alberta msimu wa moto kisheria huanza tarehe 1 Machi na kwisha tarehe 31 Oktoba, yaani miezi minane. Kipindi kibaya huwa mapema kuliko mgeni anavyodhani: theluji ikishayeyuka na majani mabichi yakiwa bado hayajachipua, nyasi za mwaka uliopita hubaki kavu juani, na cheche moja hutosha. Ndivyo ilivyokuwa mwaka ule. Tarehe 6 Mei serikali ya jimbo ilikwisha kutangaza hali ya dharura.

Saa 12 na nusu asubuhi

Kituoni jua lilikuwa jekundu na dogo, na mtu aliweza kulitazama bila kufumba macho. Abiria kadhaa walivaa barakoa. Hakuna aliyezungumzia moshi, jambo ambalo mwezi Mei lisingewezekana, kwa sababu wakati ule kila mtu alikuwa na la kusema.

Saa 1 asubuhi

Muuguzi wa zamu ya usiku alitukabidhi taarifa: wazee wawili wenye ugonjwa sugu wa mapafu walikuwa wameongezewa oksijeni, na bibi mmoja aliyepoteza kumbukumbu alikuwa amejaribu kutoka nje mara kwa mara akidai kwamba nyumba inaungua. Kumtuliza mtu wa namna hiyo ni kazi ngumu, kwa maana pua yake haimdanganyi. Huwezi kumwambia kwamba hakuna moshi. Nilimshika mkono, nikamwambia, "Ni kweli bibi, kuna moto, lakini uko mbali sana na watu wanauzima," na nilirudia maneno hayo kila aliponiuliza tena.

Kinachotutesa zaidi ni kuchagua kati ya moshi na joto. Jengo letu ni la zamani, na vyumba vingi havina kiyoyozi. Ukifungua dirisha, unaingiza chembe ndogo zisizofikia hata mikromita 2.5, nyembamba kuliko unywele kwa takribani mara 30, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na nyingine kuingia kwenye damu. Ukilifunga, chumba kinafukuta, na mzee ambaye moyo wake ni dhaifu huanza kulegea kwa joto. Siku ile tulifunga madirisha yote, tukawahamishia wazee kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, tukawanywesha maji kila baada ya muda mfupi, na tukaahirisha kwa mara nyingine matembezi ya bustanini. Kwa mtu mwenye miaka tisini, kiangazi kimoja kinachopotea namna hiyo ni kitu kikubwa, na hakuna takwimu ya zimamoto inayokihesabu.

Saa 6 mchana

Mama alinipigia simu kutoka Mufindi, ambako ilikuwa saa 3 usiku. Aliniuliza, "Mwanangu, huo moto bado tu?" Nilimjibu kwamba bado. Kijana mmoja wa jikoni, aliyekuwa akila karibu nami, alisema kuwa tunatia chumvi, kwa sababu Julai tulipata siku nyingi za anga safi. Mwenzetu aliyewahi kuishi Fort McMurray alimjibu kwa utaratibu. Moto uliowahamisha watu zaidi ya 80,000 kutoka mji huo ulianza tarehe 1 Mei 2016, na ulitangazwa kuzimika kabisa Agosti 2017, baada ya kufukuta chini ya udongo wa mboji kipindi chote cha theluji. Mimi niko upande wake. Siku ya anga safi nayo ni siku ya msimu, kwa kuwa unaianza kwa kusoma kipimo na kuimaliza kwa kuuliza upepo wa kesho utatoka wapi.

Saa 9 na nusu alasiri

Baada ya zamu nilipeleka nepi na mashuka kwenye kituo cha kupokelea waliohamishwa. Hapo nilikutana na mama mmoja kutoka Bukavu, aliyekuwa ameishi Yellowknife kwa miaka michache. Nilimpa pole, akaniambia, "Asante dada. Njia nzima watoto walikuwa wakiniuliza kama tunakimbia tena." Alitaka kujua tu lini wataruhusiwa kurudi, na hakuna aliyeweza kumwambia. Amri ile iliondolewa tarehe 6 Septemba.

Saa 2 usiku

Nyumbani nilibadilisha chujio nililolifunga kwa gundi ya karatasi nyuma ya feni chumbani kwa mtoto. Lilikuwa jeupe nilipolinunua, na sasa lilikuwa limegeuka kijivu. Alikohoa kidogo, akalala. Kipimo kilikuwa kimeshuka hadi 6, nami sikufungua dirisha.

Mwaka ule ziliungua hekta zipatazo milioni 2.2 katika jimbo letu. Tarehe 20 Februari 2024 serikali ilitangaza kwamba msimu mpya umeanza, siku kumi kabla ya tarehe iliyowekwa kisheria, huku baadhi ya mioto ya mwaka uliotangulia ikiwa bado inafukuta ardhini. Jioni hiyohiyo nilipita dukani nikanunua vichujio vya kutosha hadi Oktoba.